Hivi skili kupoa kunatusaidia au kunatubana? Wenye pingi kubwa njooni hapa

#1 Mtu_wa_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita. Kijana mmoja wa gildi yetu, kundi letu la kucheza pamoja, anaishi Ujerumani. Tukiwa kwenye maongezi ya sauti akasema World of Warcraft (WoW) ni gemu ya kizee, kwa sababu ukibonyeza skili moja unasubiri sekunde moja na nusu ndipo ubonyeze nyingine, na zile kubwa zinapoa dakika mbili, tatu. Yeye anataka gemu ambayo kidole kikigusa, mkono unapiga, basi.

Mimi naona hajaelewa. Nacheza nikiwa Tanga. Pingi yangu, yaani milisekunde za ujumbe kwenda seva za Ulaya na kurudi, inacheza kati ya 160 na 190 usiku, na siku za mvua inafika 300. Kwenye gemu za bunduki nakuwa marehemu kabla sijamwona mtu. Lakini kwenye WoW nimekuwa mponyaji wa gildi miaka sita na hakuna aliyewahi kulalamika. Sababu ni ule muda mfupi unaozifunga skili zote kwa pamoja, ule mnaouita GCD. Kama kila mtu lazima asubiri sekunde 1.5 baina ya skili na skili, milisekunde zangu 180 zinamezwa humo humo. Tena gemu inakuruhusu kubonyeza skili inayofuata kabla muda haujaisha, inaiweka foleni, zamu ikifika inatoka yenyewe. Kijana wa Ujerumani mwenye pingi 15 na mimi tunatoa skili idadi karibu ile ile kwa dakika.

Dai langu ndilo hili: kuldauni, yaani huku kusubiri skili ipoe, iliwekwa ili watu wa mbali wapate kucheza na watu wa karibu. Nani anapinga?

#2 Kirungu_Mzito

Nimeshika siti ya mbele. Nikitoka kazini narudi na hoja.

#3 Malkia_wa_Reidi

Napinga, tena sana. Hoja yako ni tamu lakini historia inaikataa.

Kusubiri skili irudi hakukuzaliwa na intaneti. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, watu wamekaa mezani na karatasi na dadu, hakuna hata waya. Mchawi alikuwa na idadi ya uchawi kwa siku, akiumaliza lazima alale ndipo aupate tena. Hiyo ni kuldauni ya siku nzima. Ikaja EverQuest 1999, huko breki ikawa mana, nguvu ya kutolea uchawi: unapiga mpaka mana iishe, halafu unakaa chini umefungua kitabu cha uchawi, unaangalia kurasa mpaka mana ijae. Waliocheza enzi zile watakwambia walikuwa wanaandaa chakula wakati mhusika wao amekaa.

WoW ilipotoka Novemba 2004 ilifanya jambo moja kubwa: ilichukua ule kusubiri wa baada ya pambano ikaumwaga ndani ya pambano, vipande vidogo vidogo. Sekunde 6 hapa, sekunde 10 pale, dakika 30 kwa ile ya kufa na kupona. Maana yake kila sekunde una swali la kujibu: niitoe sasa au niiweke? Kuldauni ni chombo cha kumlazimisha mtu achague. Pingi yako kumezwa humo ni bahati yako tu mkuu.

#4 Fundi_Seva

Mmoja ana nusu, mwingine ana nusu.

Nimefanya kazi ya seva miaka kadhaa, sio za gemu lakini tabia ni zile zile. Kila ukibonyeza, seva inauliza: una mana? uko karibu na adui? hujafa? hujafungwa mdomo? Halafu inawatangazia wote walio jirani nawe kilichotokea. Kwenye reidi za mwanzo za WoW, mapambano ya kundi kubwa dhidi ya mabosi, mlikuwa watu 40 chumba kimoja. Kila mtu akiruhusiwa kubonyeza mara 15 kwa sekunde, na wenye makro, kitufe kimoja kinachobonyeza vingi, mara 50, idadi ya ujumbe inapanda kwa watu mara watu. GCD ni bomba lenye koki. Kila mchezaji anapewa tone lake.

Halafu marekebisho kwa #1. Sekunde 1.5 sio ya wote. Mhusika wa aina ya Rogue ana sekunde 1, na Druid akiwa paka vivyo hivyo. Siku hizi hata wachawi wakipata kasi ya ziada GCD yao inapungua. Kadiri inavyopungua ndivyo pingi yako inavyokula sehemu kubwa zaidi. Wewe ni mponyaji, ndiyo maana unaona amani. Njoo kwenye Rogue tuongee.

#5 Mtu_wa_Chumbageni

#4 asante kwa sahihisho, ni kweli niliongea kwa upande wa Priest, mhusika wangu mponyaji. #3 nakubali kuhusu mezani, lakini mezani hakukuwa na haja ya kuhesabu sekunde. Zile sekunde zimetoka wapi?

#6 Malkia_wa_Reidi

Zilikuwepo hata mezani! Toleo la tatu la D&D linahesabu raundi moja kuwa sekunde 6 za ndani ya hadithi. Matoleo ya zamani yalihesabu dakika nzima. Haya, endelea.

#7 Jembe_la_Tiki

Mnaongea kana kwamba hakuna gemu iliyoishi bila kuldauni. RuneScape, 2001, ipo mpaka leo.

Nilianzia Mwanza, kwenye kibanda cha intaneti chenye kompyuta nane, na moja ilikuwa haina herufi E. Gemu kubwa hazikuwa zinafunguka pale. RuneScape ilikuwa inafunguka ndani ya kivinjari, hata kwenye mashine ya kuandikia barua. Seva yake inapiga moyo kila sekunde 0.6, tunaita tiki. Chochote ulichobonyeza ndani ya tiki moja kinatekelezwa tiki ikigonga. Silaha ina kasi yake: mjeledi wa abyssal unapiga kila tiki 4, yaani sekunde 2.4, na panga kubwa za godsword kila tiki 6, sekunde 3.6. Ustadi wako ni kujua nini ufanye tiki gani: kula, kubadilisha sala, kubadilisha silaha, kusogea hatua moja.

Halafu 2013 wakaleta kitu kinaitwa Evolution of Combat. Mstari wa skili chini ya skrini, kila moja na kuldauni yake, kama WoW. Niliingia siku hiyo nikadhani nimekosea anwani. Rafiki yangu aliyekuwa kiti cha pembeni alikuwa amekusanya vifaa miaka minne. Akapiga kuku mmoja, akaona vile visanduku vinazunguka giza, akatoa hedifoni, akaenda nje. Hakurudi kwenye gemu tena. Watu wengi waliondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo #3, unaposema kuldauni inamlazimisha mtu achague, sisi tulikuwa tunachagua tayari. Walituondolea tulichokuwa tunachagua wakatupa cha kwao.

#8 Kirungu_Mzito

#7 kumbukumbu imekupiga chenga. Evolution of Combat ni Novemba 2012. Iliyokuja 2013, Februari, ni Old School, ile waliyoirudisha kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007 baada ya watu kupiga kura. Na Old School nayo ina kuldauni, ila imevaa baibui: shambulio maalumu. Una asilimia 100, kila sekunde 30 inarudi asilimia 10. Silaha ya Dragon claws inakula 50. Piga hesabu, dakika mbili na nusu. Ukiiita nishati, ukiiita kuldauni, kusubiri ni kule kule.

#9 Jembe_la_Tiki

Asante, 2012 kweli. Nilikuwa kidato cha tatu.

Ila hapana, sio kule kule. Nishati moja wanakula wote. Nikiwa na silaha tatu zenye mashambulio maalumu, nachagua nani ale ile 50. Kuldauni ya kila skili peke yake haikupi swali hilo. Ikipoa unaitoa. Ndiyo maana gemu nyingi za kuldauni zinaishia kuwa wimbo: moja, tatu, moja, nne, moja, mbili, rudia.

#10 Mtoto_wa_Matrah

Salaam kutoka Muscat. Wanaosema wimbo hawajawahi kupigana na watu, wanapiga mabosi tu.

Mimi ni wa arena, mapambano ya WoW ya watu kwa watu, tangu zilipoanza kwenye nyongeza ya The Burning Crusade, 2007. Ngoja niwaonyeshe kuldauni ni nini, kwa namba za enzi zile. Mage, mchawi, anasimama mbele ya Rogue. Mage anaanza kusoma uchawi, ule mstari unaanza kujaa. Rogue ana Kick, teke la kukatiza: likikupata unafungwa mdomo kwa aina hiyo ya uchawi sekunde 5, na baada ya hapo teke lenyewe linapoa sekunde 10. Mage mzuri anajua. Anaacha mstari ujae robo, anasita kwa kusogea nusu hatua. Rogue ameshapiga teke, limepita hewani. Sasa Mage ana sekunde 10 za uhuru na Rogue anajua kwamba Mage anajua. Umeona? Hakuna hata nukta moja ya damu iliyotoka na pambano limeshageuka.

Kile kivuli kinachozunguka kwenye picha ya skili kama mshale wa saa, mimi nakiona kichwani kwa wapinzani wote watatu. Nahesabu teke, nahesabu kidani cha kujitoa kwenye vifungo, dakika 2, nahesabu ngao. Nikiwa nimechoka siku hiyo sichezi, kwa sababu siwezi kuhesabu. Kuldauni ni habari. Ukiiondoa, unaondoa kitu cha kumsoma mwenzako.

#11 Fundi_Seva

#10 hapo ndipo dai la #1 linapovunjika mguu. Teke la Rogue halifungwi na GCD. Ukiwa Tanga na pingi 180, wewe unasita kwako, habari ya kusita inafika seva ikiwa imechelewa, na mwenzako bado anaona mstari wako unajaa. Au wewe ndiye wa kupiga teke: mstari unaouona kwenye skrini yako ni wa zamani. GCD inakumezea pingi kwenye skili za kawaida, halafu zile skili zinazoamua pambano ziko nje ya GCD.

#12 Mtu_wa_Chumbageni

Nakubali kwa arena. Siingii arena na sitaingia. Ila wachezaji wengi wa gildi tunapiga mabosi, na bosi hana pingi.

#13 Mshale_wa_Saa

Hata kwa mabosi, mkuu. Naomba nilete hesabu.

Final Fantasy XIV (FFXIV) ina GCD ya sekunde 2.5, ndefu kuliko ya WoW. Kwa mawazo ya #1 sisi wa mbali tungekuwa peponi. Shida ni kwamba katikati ya GCD kuna skili za pembeni zisizofungwa nayo, na mchezaji mzuri anazichomeka humo. Kila ukitoa skili yoyote mhusika wako anafungwa karibu sekunde 0.6, na kufuli hilo linaanza kuhesabiwa jibu la seva likikufikia. Yaani pingi inaongezwa juu ya kila skili. Mwenye pingi 30 anafungwa 0.63. Mwenye 300 anafungwa 0.9.

Sasa mchukue Machinist, mtu wa bunduki, ndiye niliyempenda tangu mwanzo. Akiwasha Hypercharge, skili yake ya Heat Blast inarudi kila sekunde 1.5, na baina ya Heat Blast mbili anachomeka moja ya pembeni. Kwa mtu wa Paris: 0.63 na 0.63, jumla 1.26, anabaki na nafasi ya kupumua. Kwangu siku ya mvua: 0.9 na 0.9, jumla 1.8. Wakati wa nyongeza ya Shadowbringers, 2019, dirisha lote la Hypercharge lilikuwa sekunde 8 na unatakiwa kuingiza Heat Blast tano. Yangu ya kwanza inatoka sekunde 0.9 baada ya kuwasha, nne zinazofuata kila baada ya 1.8, ya tano inaangukia 8.3. Dirisha limefungwa. Kila mara. Nilikuwa nakaa mbele ya bosi wa mazoezi, usiku wa manane, navaa glavu kwa sababu nilidhani vidole vyangu ni vizito. Miezi miwili. Halafu mtu mmoja akanieleza hesabu hii, nikaona haikuwa vidole.

Baadaye walililegeza lile dirisha, nawashukuru. Ila nilishahamia mhusika mwingine, Bard.

#14 Hesabu_Kali

0.9 kujumlisha 7.2 ni 8.1, sio 8.3. Dirisha linabaki limefungwa.

Nafundisha hesabu sekondari, na mambo ya kupoa nimeshayapeleka darasani mara moja, wanafunzi walisimama kwenye madawati. Twendeni na hili. Una skili ya sekunde 10. Kwa dakika unaitoa mara 6. Ukipata kifaa cha kupunguza kupoa asilimia 10, inakuwa sekunde 9. Faida ndogo. Lakini ukiwa tayari na asilimia 40, skili iko sekunde 6, na ile ile asilimia 10 ya nyongeza inaishusha mpaka 5: kutoka mara 10 kwa dakika mpaka mara 12. Ukifika 80, ni sekunde 2, mara 30. Ukifika 90, sekunde 1, mara 60. Kifaa kile kile, cha mwisho kina thamani kuliko vyote vya mwanzo vikikusanywa. Ndiyo maana wabunifu wanaweka dari. League of Legends waliweka 40, halafu mwisho wa 2020 wakaacha asilimia wakaleta kipimo kipya: unachukua muda wa skili, unazidisha kwa 100, unagawa kwa 100 kujumlisha pointi zako. Pointi 100, sekunde 5, mara 12. Pointi 200, sekunde 3.33, mara 18. Kila pointi 100 zinakuongezea mara 6, ya kwanza na ya mwisho sawa. Hakuna haja ya dari tena. Nilipoiona fomula ile niliifurahia kama mtu aliyeona mlango uliokatwa sawasawa na fremu.

#15 Kirungu_Mzito

Mwalimu, League sio ya kuigiza wahusika. Uzi huu una mipaka yake 😄

#16 Hesabu_Kali

Hesabu haina mipaka mdogo wangu. Fomula za kupoa zinahama gemu hadi gemu.

#17 Bi_Kidole

Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Nina ugonjwa wa viungo, vidole vya mkono wa kulia vinavimba asubuhi. Nilikuwa mpenzi wa gemu za kupigana kwa kombo za haraka na niliziacha zote mwaka ambao daktari alinipa jina la ugonjwa. Mdogo wangu akanionyesha FFXIV. Sekunde 2.5. Nabonyeza, nashusha mkono kwenye paja, nainua, nabonyeza. Mnasema GCD ndefu inachosha. Kwangu ndiyo mlango pekee uliobaki wazi, na ninacheza White Mage, mponyaji, kwenye reidi ngumu na watu wasiojua lolote kuhusu mkono wangu. Mwenye vidole vya haraka hanishindi kwa vidole. Ananishinda akijua zaidi yangu, na hapo naweza kujifunza.

Sijui kama ndilo lengo la waliobuni. Nimeona mmetaja pingi, seva, mezani, habari, hesabu. Naomba mwili nao uwekwe kwenye orodha.

#18 Mtu_wa_Chumbageni

Dada #17, asante sana. Nimeisoma mara mbili. Pingi ya mkono na pingi ya waya, kumbe tuko foleni moja.

#19 Malkia_wa_Reidi

#17 pole na hongera kwa pamoja. Nakubali mwili uingie.

Ila bado kuna upande mbaya hamjaugusa. Kuldauni zikipangwa kwa namba zinazogawanyika, watu wote wanapiga ngoma moja. FFXIV ilipofika nyongeza ya Endwalker, Desemba 2021, skili za kuongezea kundi nguvu karibu zote ziliwekwa kwenye dakika mbili. Kila dakika mbili watu wanane wanafungua kila kitu kwa pamoja, taa zinawaka, halafu sekunde mia moja za kujaza vyombo. Kazi zikaanza kufanana. Zamani Ninja alikuwa na mapigo yake ya dakika moja, mwingine ana sekunde 90, kundi linajadiliana. WoW nayo ina skili ya Bloodlust, kasi asilimia 30 kwa sekunde 30, na ukishaipata unawekewa alama ya dakika 10 huwezi kuipata tena. Bosi mzima unajengwa kuzunguka ile Bloodlust: tuitoe mwanzo, au tusubiri robo ya mwisho? Hapo kuldauni moja ndefu inaleta mabishano mazuri kwenye kundi. Dakika mbili za wote hazileti.

#20 Mtoto_wa_Matrah

Bloodlust ni sekunde 40 dada. Asilimia 30 ni sawa.

#21 Malkia_wa_Reidi

40, ndiyo. Nilichanganya hizo thelathini.

#22 Simu_Tu

Mimi nacheza gemu ya Albion kwenye simu, tangu walipoifungua kwa simu Juni 2021. Huko kuldauni inavaliwa: silaha inakupa skili tatu, kofia moja, nguo moja, viatu moja. Basi. Skili sita, kioo cha simu kinatosha.

Kwenye ukanda mwekundu na mweusi ukiuawa unapoteza kila ulichobeba, kwa hiyo viatu ndivyo roho yako. Watu hawaji kukuua mpaka uwe umeshatumia skili ya viatu vyako. Wanakutisha kwanza, unakimbia kwa kasi ya viatu, wanakaa nyuma wanahesabu, halafu wanakuja kweli. Nilijifunza kukimbia kwa miguu ya kawaida hata damu ikiwa nusu, viatu navibakiza. Wenzangu walidhani nimelala.

Na kuhusu umbali: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nilikuwa na ng'ombe wa mizigo amebeba vifaa vya wiki mbili. Skili nimebonyeza, alama inazunguka, inazunguka, haianzi hata kupoa. Simu inaonyesha nipo, seva hainijui. Niliporudi kesho yake nilikuwa mjini nimevaa chupi tu ya gemu. Siku hiyo hakuna GCD ya kumeza kitu mkuu #1.

#23 Mtu_wa_Chumbageni

Pole sana. Siku hizo hata sisi gildi ilivunja reidi mbili, nusu ya kundi liko pwani.

#24 Mzee_Kibarazani

Wajukuu, nimeletewa uzi huu na mtoto wa binti yangu. Gemu zenu sizijui, lakini mnachokisema nakijua kwenye bao.

Kila mtu ana kete 32: kumi anazipanga ubaoni, ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua. Katika hizo kumi, sita zinakaa kwenye nyumba. Unapokula na kete zako zikaishia kwenye nyumba yako, una hiari: ulale pale, au uichezeshe nyumba, uzimwage zote zizunguke. Ukiichezesha mara moja imekwisha, lile shimo ni shimo kama mengine. Nimeona watu wazima wanatoka jasho kwa hiari hiyo. Mchezaji mchanga anaichezesha mapema apate sifa. Bingwa anaitazama, anaipita, anaitazama tena. Na mwenzake anacheza akijua kwamba nyumba ile bado ina kete. Hata isipochezwa, inafanya kazi.

Kijana wa Muscat amenena vizuri pale juu kwenye teke lililopita hewani.

#25 Mtoto_wa_Matrah

Shikamoo babu. "Hata isipochezwa, inafanya kazi" ndicho nilikuwa natafuta tangu #10 nikakikosa. Ngao ya Paladin, mhusika wa WoW, ndiyo hiyo hiyo. Mradi hajaitoa, hakuna anayemwaga skili zake zote juu yake.

#26 Jembe_la_Tiki

Babu shikamoo. Lakini naona bao linaunga mkono upande wangu: nyumba haipoi ikarudi. Imekwenda imekwenda. Kuldauni inakuhakikishia kwamba kosa lako litasamehewa baada ya dakika mbili.

#27 Kirungu_Mzito

Nimerudi na hoja niliyoahidi, na mnisamehe ni fupi. Agosti 2018, kwenye nyongeza ya Battle for Azeroth, Blizzard wenye WoW walichukua skili nyingi kubwa za kushambulia zilizokuwa nje ya GCD wakaziingiza ndani. Sababu waliyotoa ni kwamba watu walikuwa wanazifunga tano kwenye kitufe kimoja kwa makro, hakuna uamuzi unaofanyika. Wachezaji wakalia kwamba gemu imekuwa nzito, kama kutembea kwenye tope. Wote walikuwa na haki. Nilihisi uzito ule mwilini, na makro nilikuwa nayo kweli. Kwa hiyo ukiniuliza GCD iliwekwa kwa ajili ya nini, nitakuuliza ni ya mwaka gani. Ya 2004 na ya 2018 zina kazi tofauti.

#28 Fundi_Seva

#27 hoja nzuri. Koki ya 2004 ilikuwa ya bomba. Leo bomba ni pana, koki imebaki kwa sababu watu wamezoea ladha ya maji yale.

#29 Mshale_wa_Saa

Ladha ya maji ya Ulaya, wewe uko karibu na tangi 🙂

#30 Mtu_wa_Chumbageni

Wakuu, nimefanya jaribio badala ya kubishana. Juzi kwenye reidi nimechukua rekodi ya pambano moja, dakika tano kasoro sekunde chache, nikahesabu skili za kwangu na za kijana wa Ujerumani. Naye ni Priest mponyaji. Yeye 171, mimi 166. Tofauti tano kwa dakika tano. Nilimtumia picha, hajajibu mpaka leo.

Ila nimeona na jambo jingine. Mara tatu kwenye pambano lile mtu wetu alipigwa pigo kubwa, na ngao ya kumwokoa ilikuwa tayari kwetu wote wawili. Mara zote tatu alitangulia yeye. Yangu ilikuwa inatoka na kukuta ya kwake iko pale.

#31 Hesabu_Kali

Vifaa vyenu vina kasi sawa? Kama yeye ana kasi pungufu, zile tano hazina maana. Leta namba.

#32 Mtu_wa_Chumbageni

Yangu iko juu kidogo. Naenda kuangalia kamili nikifungua kompyuta, umeme umekatika.

#33 Bi_Kidole

#30 kwenye zile mara tatu, mligawana zamu za ngao kabla? Sisi tunaandika kabisa: pigo la kwanza wewe, la pili mimi. Hapo hakuna wa kutangulia.

#34 Mtu_wa_Chumbageni

Hatukugawana. Jumamosi tutagawana, nitachukua la pili na la nne. Nitaleta rekodi hapa.

#35 Simu_Tu

Jumamosi saa ngapi? Kuna nafasi ya mgeni kutazama?

#36 Mtu_wa_Chumbageni

Saa tatu usiku. Karibu.